Mama alivyopoteza maneno baada ya stroku, na tulivyoyarudisha kidogo kidogo

Watu wakisikia stroku (kiharusi) wanawaza mkono na mguu tu. Kwetu mguu ndo ulikuwa afadhali, kilichotuchanganya ni mdomo. Sisi ni Wanubi wa Bombo, Uganda, na mama yetu alikuwa anabishana na muuza mukene (dagaa) kwa Luganda, anageuka anatuita sisi kwa Kiswahili, alafu anasengenya na dada zake kwa Kinubi, yote ndani ya dakika moja. Asubuhi hiyo aliamka upande wa kulia umelegea, mdomo umeenda upande, na lugha zote tatu hazipo. Alibaki na neno moja tu, "yaani". Ukimuuliza unataka maji, yaani. Unaumwa wapi, yaani yaani yaani, na anakuangalia kwa hasira kabisa kama wewe ndo mjinga.

Hospitali walimpiga sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa, wakasema mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, si damu iliyovuja. Hiyo picha ni muhimu jamani, kwa macho huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili na matibabu yake yanapingana, ndo maana usimpe mtu aspirini nyumbani kabla hajapigwa picha. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mtu aliyeamka nayo asubuhi nani atajua ilianza saa ngapi. Basi tukaambiwa ni presha, vidonge kila siku maisha yote, na mazoezi ya fizio. Kumeza pia kulikuwa shida kidogo, maji yalikuwa yanampalia, tukawa tunamkalisha wima na uji tunaupika mzito.

Hiyo ya maneno inaitwa afasia. Upande wa kushoto wa ubongo ndo unaendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi lugha pia inakaa huko huko, ndo sababu vinapotea pamoja. Mwaka 1861 daktari mmoja wa Paris, Paul Broca, alikuwa na mgonjwa aliyekuwa anasema "tan" tu, alipokufa wakakuta kidonda kwenye ubongo sehemu ya mbele kushoto. Mimi niliposoma hiyo nikasema huyu ndo mama na yaani yake. Na wengi wa namna hii wanaelewa mengi sana ya unachosema, akili ipo, maneno ndo hayatoki. Kuna wengine ni kinyume, wanaongea haraka haraka vitu visivyo na maana na hawaelewi, hao ni sehemu nyingine imeumia.

Sasa familia, unajua tena, shangazi akasema ni jini. Sikubishana, nikasema shehe aje asome, dawa mama atameza vile vile. Shehe akaanza Alhamdu, na mama akaingia naye akaisoma mpaka Amin bila kukwama! Watu wakalia, shangazi akasema si mmeona, limetoka. Alafu dakika mbili baadae mama akataka maji na akasema yaani.

Daktari alinieleza kwamba vitu tulivyokariri tangu utoto, dua, kuhesabu, siku za wiki, nyimbo, mara nyingi vinabaki hata mtu akishindwa kuunda sentensi yake, na uimbaji unatumia sana upande wa kulia ambao kwa mama ni mzima. Hapo nikapata pa kushika, maana wataalamu wa kufundisha kuongea Uganda ni wachache mno na hatukuwa na hela ya kwenda Kampala kila mara. Chakula kikija mimi nasema "Bismillahi..." nanyamaza, yeye anamalizia. Tunahesabu ngazi, moja mbili, naacha, anasema tatu. Tukatunga kawimbo ka "nataka maji" na sauti mbili tu, juu na chini, huku napiga mkono wake wa kushoto polepole kufuata mapigo, baadae kuimba kukawa kunapungua na maneno yanabaki. Haikuwa haraka. Kuna siku alirusha kijiko.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa wageni, sikatai. Wanakuja kumi, wote wanaongea, redio inaimba, alafu mmoja anamuuliza "unanijua mimi nani?" kama mtihani. Nilipiga marufuku hilo swali. Redio inazimwa, anaongea mtu mmoja, na swali liwe la ndiyo au hapana, unataka chai? anainua dole gumba. Usimuongeleshe kama mtoto na usimkimbilie kumalizia neno, ngoja, hata ikichukua muda mpaka uone aibu.

Kuhusu lugha, wagonjwa wengi zote zinarudi pamoja, wengine moja inatangulia. Kwa mama ilitangulia Kinubi, tena matusi ndo ya kwanza (na hayo nayo ni ya kukariri!), Kiswahili kikafuata, Luganda ya sokoni bado inamsumbua mpaka leo, bei anaipata kwa kuhesabu toka moja hadi afike. Majina ya wajukuu anayachanganya lakini ukikosea kitu jikoni atakuambia bila shida.

Simu ndo bado ngumu, haoni uso wala mkono wako. Ndugu wa Arua wakitaka kumsalimia nawaambia wapige ya video, waongee mmoja mmoja, na wakishauliza swali wanyamaze wangoje jibu, hata kama wanaona data inaisha.