Wanga uliogoma kushuka kwenye hopa

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa nyundo. Wa pili, nyundo kubwa zaidi. Ukikuta hopa, yaani chombo cha kulishia unga chenye mdomo chini, ina mabonde ubavuni, jua hapo wamepita watu wa ushauri huo, na jua pia kwamba mabonde yenyewe hushikilia unga, kwa hiyo kila kipigo kinaomba kingine.

Kazi ilionekana nyepesi kwenye karatasi: kulisha wanga wa mahindi, mfululizo na kwa kiwango kilekile, kwenye bomba la hewa moto la jaribio letu la kukausha. Hopa ilikuwepo tayari, ya umbo la koni, mdomo wake unapitisha ngumi. Wanga ulishuka kidogo, ukasimama. Ukichungulia kwa chini na tochi unaona wanga umejishika juu ya mdomo kama tao jeupe, laini, halina hata ufa.

"Jaza mpaka juu, uzito utausukuma," akaniambia mtu mwenye vyeti vingi kuliko mimi. Yangekuwa maji, sawa. Lakini Janssen, mhandisi wa Kijerumani, alishaeleza mwaka 1895 kwamba kuta za silo, yaani ghala refu la nafaka, hubeba sehemu kubwa ya mzigo kwa msuguano. Ukipita kina fulani, unachoongeza juu hakifiki chini. Tukajaza, maana mkubwa amesema. Tao halikutikisika.

Ndipo ikaletwa vaibreta, mashine ya kutetemesha, nayo niisimulie vizuri kwa sababu watu bado wanaisifu. Ilifungwa ubavuni kwa bolti nne, ikawashwa, wanga ukamwagika kwa nguvu na watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, umwagikaji ukaisha. Mota inanguruma, meza inatetemeka, hakitoki kitu. Kutetemesha unga ambao hauna njia ya kutoka ni kuushindilia: hewa iliyo kati ya chembe inatoka, chembe zinasogeleana, tao linakomaa. Tulipofungua hopa baadaye tulitoa bonge zima lenye umbo la koni, na ubavuni mwake umechapwa mstari wa kulehemu, kila tuta dogo la chuma linaonekana. Lakini kabla ya hapo kuna aliyepanda juu na fimbo. Alichokonoa mpaka sehemu ikaporomoka, ikanyonya hewa, na wanga uliokuwa mgumu muda wote ukapita kwenye skrubu ya kulishia iliyo chini ya hopa bila kusubiri kuzungushwa. Sakafu nzima nyeupe. Yeye mwenyewe mweupe.

Aliyefuata alitaka tupulize kwa kompresa. Hapo nilikataa kabisa. Vumbi la wanga likitanda hewani na kupata cheche hulipuka, sawa na la sukari. Mwaka 2008 kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, Georgia, Marekani, kililipuka na watu 14 wakafa. Hopa na bomba lake vifungwe waya wa ardhi, na vumbi lifutwe, lisipeperushwe.

Watu wanasahau kwamba udogo wa chembe ndio wenye kesi. Ukipunguza kipenyo cha chembe kwa nusu, uzito wake unabaki moja ya nane, lakini nguvu inayoivuta kwa jirani yake inapungua kwa nusu tu. Chembe za wanga wa mahindi zina wastani wa mikroni 15 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa saizi hiyo kushikana kunashinda uzito. Ongeza unyevu, na vitone vya maji vinaunganisha chembe kwa chembe. Halafu kuna wale wa "pima pembe ya kilima chake ukiumwaga mezani". Pembe hiyo itakuambia lundo litakaaje mezani. Haisemi unga utakuwa na nguvu gani ukishakandamizwa usiku kucha, na hilo ndilo swali pekee la maana. Andrew Jenike wa Chuo Kikuu cha Utah alilijibu kwa hesabu tangu 1964: nguvu ya unga uliokandamizwa, gawanya kwa uzito wa kila kipimo cha ujazo wake, ndipo unapata upana wa mdomo ambao tao haliwezi kuuvuka.

Mashine ya kupima nguvu hiyo hatukuwa nayo. Basi nikatengeneza kisanduku, na hiki ndicho ninachojivunia. Kuta za plastiki angavu, chini vibati viwili vinavyoteleza kimoja kulia kingine kushoto. Unajaza wanga kwa kuchekecha, unaweka kibao na mawe ya mizani juu yake, unaacha. Kisha unaondoa mzigo taratibu na kufungua vibati, unywele kwa unywele, bila kugusa meza. Wanga unaning'inia juu ya upenyo, unaongeza, bado unaning'inia, halafu puu! Unapima upenyo. Wanga uliokandamizwa muda mfupi uliporomoka kwenye upenyo wa vidole vitatu. Uliolala na mzigo uliomba karibu kiganja kizima. Hapo nilielewa kwa nini Jumatatu asubuhi ndiyo ilikuwa siku yetu mbaya.

Kisanduku hakina usahihi wa mashine, kwa hiyo niliongeza upana wa akiba. Nikaacha koni, nikachora hopa ya umbo la kabari yenye mdomo mrefu, urefu si chini ya mara tatu ya upana. Kwa unga uleule, mdomo wa namna hiyo unahitaji upana wa karibu nusu ya kipenyo cha mdomo wa duara, na kuta zake hazihitaji kusimama wima sana. Gharama ilikuwa bati la chuma kisichoshika kutu na posho ya fundi wa kulehemu. Vaibreta peke yake ilikula zaidi. Fundi msimamie. Wangu alishaanza kusugua ndani kwa mikwaruzo ya kulala, nikamwambia, "Fundi, sugua kufuata njia ya unga, juu kwenda chini," na kila tuta la kulehemu tukalisawazisha.

Wanga ukashuka, lakini upande wa nyuma tu. Skrubu ya zamani ilikuwa na nafasi sawa kati ya jino na jino: jino la nyuma linajaa, linasafiri limejaa, wanga wa mbele haupati pa kuingia na unaanza kuganda pale pale. Tukachonga nyingine ambayo nafasi zake zinapanuka kuelekea mwisho ambako wanga hutokea. Sasa uso wa wanga ndani ya hopa unashuka mzima mzima, na mizani ya upande wa pili haichezi sana. Siku za unyevunyevu bado naiacha hopa tupu kabla ya kufunga maabara, hata wakinicheka.