Kaizari anakufa katikati, halafu?

Jumapili, usiku.

Leo mtoto wa dada kanibana na swali. Shuleni kwao wanaigiza Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare kuhusu mtawala wa Roma aliyeuawa na wenzake, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963 aliyokuja kuirudia 1969, na dogo kapewa kipande cha Cassius, yule anayeanzisha njama. Kaja ananiuliza, "Anko, Kaizari mwenyewe anauawa sehemu ya tatu na mchezo una sehemu tano, sasa zilizobaki za nini?" Nikamwambia ngoja nisome tena ntakujibu. Nilikua najinasua tu, ila baada ya kula nikakitoa kitabu kweli.

Mi toka nasoma shule nilijua Cassius ndo mbaya, Brutus, rafiki wa Kaizari aliyevutwa kwenye njama, mtu safi kaponzwa. Na Cassius hajifichi bana, wivu umemjaa mpaka pomoni, anasimulia alivomtoa Kaizari mto Tiber anakaribia kuzama, alivomuona anatetemeka na homa kule Hispania, yaani kinachomuuma ni kwamba mtu aliyembeba mwenyewe leo anainamiwa kama mungu. Huyo unamuelewa.

Brutus ndo kanichosha. Yuko bustanini usiku, kabaki peke yake, anaanza kwa kusema Kaizari lazima afe, sababu zinakuja baadae! Anakiri hana kisa naye, hajawahi kuona moyo wake ukiishinda akili, ila akivishwa taji huenda akabadilika, basi tumchukulie kama yai la nyoka tumuue kabla halijaanguliwa. Nimerudia hapo mara tatu. Mtu keshahukumu ndo anatafuta kesi. Na zile barua anazodhani zimetoka kwa wananchi, Cassius ndo kazipanga, kwa miandiko tofauti tofauti, maana anajua jamaa anapenda kuonekana mwema.

Sasa kuanzia hapo angalia nani anafunga mafundo ya hadithi. Cassius anasema Antony, mtu wa karibu wa Kaizari, naye auawe, Brutus anakataa, tutaonekana wachinjaji. Cassius anasema Antony asihutubie mazishini, Brutus anamruhusu, tena yeye anatangulia kuongea halafu anaondoka zake, anamuachia mwenzie umati mzima (Antony anatoa wosia wa Kaizari, drakma 75, hela za zamani hizo, kwa kila raia, nani atakumbuka hotuba ya Brutus tena?). Vita na jeshi la Antony vikija, Cassius anasema tuwasubiri maadui hapa hapa wachoke wenyewe, Brutus anasema twende tukapigane kule Philippi. Mara tatu, na zote Cassius yuko sahihi, na zote anakubali yaishe.

Kuhusu swali la dogo, nadhani jibu liko kwenye upanga. Cassius anakufa kwa upanga ule ule uliomuua Kaizari, na kabla ya hapo mzimu wa Kaizari umeshamtokea Brutus hemani, na kabla ya hapo tena yule maskini Cinna mshairi kauawa na umati kisa tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Kaizari akiwa hai anaongea kidogo sana, maiti yake ndo inaendesha mambo yote.

Kesho ntamwambia dogo asimuigize Cassius kwa kukunja sura mwanzo mwisho. Ikifika ile ya Philippi awe mtu anayeona kabisa wanakosea, ila kachoka kugombana na rafiki yake. Mwalimu wao sijui kama ataelewa, yeye keshamwambia acheke kicheko cha kishetani.