Uyoga wa masika, Muheza

Jamani, mvua ya jana usiku imeleta neema! Leo asubuhi nimezunguka mashambani na bibi wa jirani, njia yote utelezi.

Kwenye kichuguu tukakuta uyoga umejaa. Bibi hakuung'oa kwa pupa. Akachimbua taratibu kwa kijiti mpaka ukatoka na mzizi wake mrefu, ule unaoshuka hadi kwa mchwa. Maana wakulima wenyewe ni mchwa, wanauotesha huko chini kwenye vyumba vyao.

"Huu wetu, mjukuu wangu."

Mbele kidogo, kwenye nyasi, mwingine mweupe, mnene, una pete shingoni. Mzuri hasa! Bibi akaupita kama hajauona.

Mimi na ubishi wangu nikauchuma. Nikalaza kofia yake kwenye karatasi nyeupe, nikafunika kwa bakuli, nione vumbi lake la mbegu litadondoka la rangi gani. Ya ule wa kichuguuni nayo vivyo hivyo.

Jioni hii nimefunua. Wa kichuguuni umeacha vumbi la rangi ya waridi hafifu. Ule mrembo? Kijani! Huo ukiula ni kutapika na kuharisha usiku kucha.

Uliobaki wa bibi uko jikoni, unachemka kwenye tui la nazi.

Huko kwenu wazee wanautambuaje? Na mnaupika na nini?