Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuhesabu majirani

Saa 12:30 asubuhi

Leo ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo nimetoka mapema kuliko kawaida. Nimesimama kona ya barabara nikatazama mikokoteni ikipita: godoro, meza ya plastiki, ndoo mbili, kijana mmoja nyuma akisukuma. Hakuna kitanda cha mtoto. Mkokoteni wa pili ni vivyo hivyo, na wa tatu pia. Sijaandika chochote, lakini nimeona kitu ambacho hakimo kwenye daftari lolote ofisini.

Mimi ni afisa takwimu wa eneo letu. Idadi ya watu hubadilika kwa njia nne tu: mtu anazaliwa, anafariki, anahamia au anahama. Njia mbili za kwanza zina vyeti. Mbili za mwisho hupita barabarani alfajiri juu ya mkokoteni, na mtu anayezipuuza hataelewa kwa nini mtaa umejaa.

Saa 2:00 asubuhi

Nimeanza na daftari la vizazi. Jambo la kwanza ninaloangalia ni wavulana na wasichana. Kwa kawaida, kwa kila wasichana 100 huzaliwa wavulana wapatao 105. John Graunt, mfanyabiashara wa vitambaa wa London, alikwisha kuona mwaka 1662 kwamba wavulana huzidi kidogo, kwa kusoma tu kumbukumbu za ubatizo. Nikikuta tofauti kubwa mwaka baada ya mwaka, siwazi kwanza kwamba maumbile yamebadilika. Nauliza ni watoto gani hawakuandikishwa.

Mwezi huu uwiano uko sawa. Kilichonishika ni safu ya "mtoto wa ngapi". Zamani safu hiyo ilikuwa na wa sita, wa saba, wa nane. Ukurasa wa leo una wa kwanza na wa pili kuanzia juu hadi chini, na wa nne mmoja tu. Hata hivyo ukurasa umejaa kama zamani, kwa sababu akina mama ni wengi zaidi. Hao ni mabinti waliozaliwa katika familia kubwa za miaka ile, sasa wamefika umri wa kuzaa. Kila mmoja anazaa wachache, lakini wachache mara wengi bado ni wengi. Ndivyo ilivyo duniani kote: mwaka 1950 mwanamke alizaa kwa wastani watoto karibu 5, leo ni kama 2.3, na bado tulifika watu bilioni 8 mwezi Novemba 2022, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa.

Saa 4:00 asubuhi

Kikao na diwani na kamati yake. Hiki ndicho kilichonikosesha usingizi jana.

Mheshimiwa amefungua kwa kusema kila mtu anaona watu wameongezeka, kwa hiyo fedha zilizopo ziende kwenye madarasa ya awali. Wajumbe wakaitikia. Nikaomba nafasi, nikabandika ukutani piramidi ya umri, yaani mchoro wa idadi ya watu kwa kila umri. Karatasi ni kubwa makusudi, wanaume kushoto, wanawake kulia, kila ufito ni miaka mitano, na urefu wake ni idadi ya watu.

"Mheshimiwa, naomba utazame ufito wa chini kabisa. Ni wa watoto chini ya miaka 5."

Akasogea. Ufito ule haukuwa mrefu kuliko ulio juu yake. Uvimbe ulikuwa katikati, kuanzia miaka 20 hadi 34. Tena juu kabisa, upande wa wanawake, fito zilizokuwa kama kijiti kwenye hesabu iliyopita sasa zimenenepa.

"Kwa hiyo unasema watu hawazai?"

"Wanazaa, Mheshimiwa. Lakini aliyetujaza ni mpangaji kijana aliyekuja kutafuta kazi, na mama mzee ambaye zamani angekuwa ameshatutoka. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza miaka sita ijayo anazaliwa mwaka huu. Tutamwona kwenye daftari kabla hajafika shuleni. Huyu kijana hatukumwona akija, na maji anayatumia leo."

Mjumbe mmoja mama akauliza swali zuri kuliko yote: vijana hawa wakioa na kuolewa hapahapa, si watatuletea hao watoto? Watatuletea, ndiyo maana sikusema shule ifutwe. Eneo linaloongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka huwa maradufu ndani ya miaka 23 hivi. Likiongezeka kwa asilimia 1, ni miaka 70. Tofauti ya namba mbili hizo ni mtaro wa maji machafu unaofurika au usiofurika. Lakini kujua asilimia bila kujua umri ni kununua viatu kwa kuhesabu watu bila kupima miguu.

Hatukukubaliana. Mheshimiwa ametaka mchanganuo wa umri, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya Ijumaa. Nimeridhika na hilo.

Saa 7:00 mchana

Nimerudi mezani kuukagua mchanganuo wenyewe, na hapa ndipo aibu ya data zetu ilipo. Ukichora umri mwaka mmoja mmoja, mstari una meno kama msumeno: watu wengi mno wa miaka 30, 40, 50, 60, na karibu hakuna wa 41 au 59. Si kwamba hawapo. Aliyeulizwa amekadiria, au karani amekadiria kwa niaba yake akiwa na haraka. Kwa vijana meno ni madogo. Kwa wazee ni makubwa, na wazee ndio ninaowatetea kikaoni.

Saa 9:30 alasiri

Kaya ya kwanza kati ya nne za kuhakiki. Bibi ameketi mlangoni, fomu inasema 80.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kunihesabu tena?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza vizuri zaidi. Nikafungua kalenda ya matukio, orodha tunayotumia kwa wasio na cheti. Alipofika kwenye mwaka daraja lilipochukuliwa na maji, akaweka kidole. Kaka yake alimvusha mgongoni, na mama yao alikuwa na kichanga kifuani. Kile kichanga kipo hai na kina cheti. Kilizaliwa mwaka uleule, miaka 72 iliyopita.

"Na wewe, bibi, ulikuwa umeanza kusema?"

"Nilikuwa nasema sana! Nililia kiatu changu kimoja kimekwenda na maji, hadi leo nakikumbuka rangi yake."

Tukakaa hapo muda mrefu kuliko ratiba. Kiatu chekundu, cha kwanza maishani mwake. Mtoto anayekumbuka hivyo, aliyefuatiwa na mdogo wa kunyonya, ana miaka kama minne. Kaya tatu zilizobaki zimeenda haraka.

Saa 12:00 jioni

Wenzangu wameondoka. Nimefungua jedwali, nikafuta 80, nikaandika 76, na kwenye safu ya maelezo nikaweka: "kadirio, kwa tukio la daraja na cheti cha mdogo wake". Ufito wa 80 hadi 84 umepungua mtu mmoja, wa 75 hadi 79 umeongezeka mmoja. Kesho nina kaya tano.