Sekunde za Kati ya Pointi na Pointi

Kwenye mechi ya mpira wa vinyoya kuna muda mwingi ambao kinyoya hakiko hewani. Pointi imeisha, mtoto anakiokota, ananyoosha manyoya yake, anarudi kwenye nafasi. Wazazi wengi hawauangalii muda huo, macho yao yanasubiri smeshi, lile pigo kali la kushusha kinyoya chini. Mimi nafundisha watoto wa miaka kumi hadi kumi na sita katika ukumbi wa kuazima huku Njiro, Arusha, na muda huo ndio ninaouangalia kuliko wote. Hapo ndipo mtoto anapotoka mchezoni.

Nina mwanafunzi, binti wa miaka kumi na tatu mwenye mkono mzuri ajabu. Kwenye mechi moja alikuwa mbele 18-12. Akapiga nje ya mstari wa nyuma, na papo hapo akageuka kumtafuta baba yake kwa macho. Mpinzani wake alipoanzisha, akili ya binti ilikuwa bado iko kwenye benchi la wazazi. Akarudisha wavuni. Ikafuata nyingine, na nyingine, huku benchi likipiga kelele, "Jikaze mama, jikaze!" Seti, inayochezwa hadi 21, ikaenda kwa mpinzani 21-19.

Watu wakasema hana moyo. Sikubali hata kidogo. Mtoto anayeamka alfajiri kwenye baridi ya Juni ya Arusha kuja kuruka kamba ana moyo wa kutosha. Alichohitaji ni kazi ya kufanya katika zile sekunde, na tukampa. Pointi ikiisha anaupa wavu mgongo, ananyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, anashusha pumzi, anajiambia jambo moja la pointi inayokuja. "Mrudishe nyuma kushoto." Basi, anageuka. Mazoezini huwa namsimamisha ghafla na kumuuliza amejiambia nini. Jibu la "nisikosee, mwalimu" silipokei, maana haliuambii mguu uende wapi.

Seti zetu za mazoezi mara nyingi hazianzii sifuri. Zinaanzia 17-19 uko nyuma, au 19-15 uko mbele, ambayo kwa watoto wengi ndiyo ngumu zaidi. Nawachezesha hata 29-29, pale ambapo pointi moja inamaliza kila kitu. Na huwa nawasimulia fainali ya Olimpiki ya Rio, 2016. Carolina Marín wa Hispania aliongoza seti ya kwanza 19-16 dhidi ya P. V. Sindhu wa India, akapoteza pointi tano mfululizo na seti ikaondoka. Mbili zilizofuata akazichukua 21-12 na 21-15, pamoja na dhahabu. Watoto wanaipenda dhahabu. Mimi nawarudisha kwenye zile pointi tano.

Halafu kuna suala la hewa, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kinyoya kinaenda mbali. Mtoto akitoka Dar, mipigo yake ya nyuma hapa inatoka nje. Wetu wakishuka Moshi, mipigo ileile inaishia katikati ya kiwanja na kugeuzwa smeshi. Asiyejua sababu anadhani mkono wake umeharibika siku hiyo, anaanza kupiga kwa woga. Kwa hiyo kabla ya mechi kila mtoto wangu anakipima kinyoya: anasimama mstari wa nyuma, anakipiga kwa nguvu kutokea chini, kisha tunapima kwa futi ya fundi. Kinachofaa hutua kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Akishakiona kwa macho yake, hajilaumu.

Wazazi, nawaomba pumziko la pointi ya 11, lile la katikati ya seti, mniachie. Ni sekunde 60 tu. Mtoto anywe maji, asikie sentensi moja kutoka kwa mtu mmoja.

Baba wa yule binti aliniuliza yeye afanye nini mechi ikiwa ngumu, maana kukaa kimya kunamshinda. Nikampa daftari aandike kila pointi ambayo binti hakugeuka kulitazama benchi kabla ya kucheza inayofuata. Ameshajaza kurasa kadhaa, na Jumamosi baada ya mazoezi tunakaa watatu kuzipitia.