Siku Moja Maishani Mwangu: Mashine Isiyotaka Kuwaka Asubuhi

Saa moja kamili asubuhi ninafungua mlango wa karakana yangu ndogo hapa Mwembe Tayari, Mombasa, nikiwa nimetoka Kisauni na kuvuka daraja la Nyali kabla ya msongamano. Miezi hii ya masika nyasi hukua upesi kuliko watu wanavyoweza kuzifyeka, na kwa sababu hiyo benchi langu limejaa mashine za kukatia nyasi za kubeba begani, zile zenye uzi wa nailoni na injini ya mipigo miwili ambayo sisi mafundi huiita tustroki. Mwanagenzi wangu ameshafagia. Tunakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha tunaanza.

Saa mbili na nusu anaingia kijana anayetunza bustani huko Nyali, mashine yake begani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ina nini?"

"Asubuhi huvuta kamba hata mara arubaini mpaka mkono unakufa ganzi. Ikishawaka, inafanya kazi vizuri, na hata nikiizima inawaka tena mara moja. Kesho yake taabu ni ile ile."

Maelezo hayo nayathamini kuliko spana yoyote. Injini iliyokwisha kuwaka huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, lakini mkono wa binadamu ukivuta kamba huizungusha kwa mamia tu, na katika mwendo huo mdogo kila kitu ni dhaifu: mvuto wa hewa katika kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, msukumo unaotoka chini ya pistoni na kuendesha pampu ya mafuta, hata umeme unaozalishwa na sumaku inapopita mbele ya koili, ule msokoto wa waya unaoipa plagi cheche. Kasoro ndogo ambayo injini inayonguruma huisamehe, injini inayovutwa kwa mkono haiwezi kuisamehe. Ndiyo maana ninamkataza mwanagenzi wangu kugusa skrubu za kabureta kabla ya mengine yote, kwa kuwa anayezigusa mapema huongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na hii ya leo ina alama za bisibisi zinazoonyesha kwamba imeshapitia mikono ya namna hiyo.

Ninaanza kwa kumwaga mafuta yaliyomo kwenye tangi. Yamekaa wiki kadhaa, na katika joto letu sehemu nyepesi za petroli, zile hasa zinazoshika moto injini ikiwa baridi, hutangulia kuruka. Ninachanganya mapya, nikipima oili ya tustroki kwa bomba la sindano: mashine hii imeandikwa 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Zipo zinazotaka 25 kwa 1, ambazo ni mililita 40, na ni lazima kusoma kilichoandikwa badala ya kukisia.

Tunavuta kamba mara nane choki, yaani kilango cha hewa cha kabureta, ikiwa imefungwa, kisha ninafungua plagi. Imetoka kavu kabisa. Nayo plagi kavu baada ya mivuto minane inasema jambo moja waziwazi, kwamba mafuta hayafiki. Ingalitoka imelowa, ningeishuku cheche au mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hata hivyo ninaikagua cheche, plagi ikiwa imegusa chuma cha silinda mbali na tundu lake, na ninaiona ni ya buluu na imara. Ninarekebisha mwanya wa plagi uwe milimita 0.6, ninadondosha matone machache ya mafuta ndani ya silinda na kuirudisha. Inawaka kwa sekunde mbili, inazimika. Sasa nina hakika.

Saa nne tunafuata njia ya mafuta kuanzia kwenye tangi. Chujio ni safi, lakini ninapobonyeza kile kitufe cha mpira cha kuvutia mafuta ninaona mapovu yasiyokwisha, na mpira wa mafuta nikiukunja karibu na shingo ya tangi unafunguka ufa mwembamba kama unywele. Tunauweka mpya na mapovu yanakwisha. Mwanagenzi anavuta, inawaka mvuto wa kumi na tatu. Kijana anafurahi na kutaka kuondoka nayo, lakini mimi sikubali, maana kumi na tatu bado ni nyingi.

Ninafungua kabureta. Kiwambo chake, yaani utando mwembamba unaopitisha mafuta kwa kusogea, ambacho kikiwa kipya hulegea kama ngozi laini, kimekakamaa na kutoa mlio wa karatasi ninapokigusa. Kiwambo kigumu husogezwa na mvuto wa injini inayokimbia, ila mvuto hafifu wa kamba haukitikisi. Ninaweka viwambo vipya na gaskiti zake, ninarudisha skrubu mahali pake, kisha ninamwomba kijana aiache ipoe kabisa, kwa sababu ugonjwa wa baridi haupimwi injini ikiwa moto.

Baada ya sala ya adhuhuri na sahani ya wali wa nazi, kazi ya alasiri ni fupi na ya kuhuzunisha. Mashine nyingine, plagi imelowa, cheche ipo, lakini kamba inavutika kwa wepesi usio wa kawaida, na kipimo cha mgandamizo kinasimama kwenye psi 60, pungufu mno. Ninafungua eksozi na kumulika tochi kwenye tundu la moshi: pistoni ina mikwaruzo ya wima kutoka juu hadi chini. Hii imeendeshwa kwa petroli tupu isiyo na oili. Huniuma kila ninapoiona, kwa kuwa oili ya kiasi cha vijiko vichache ingeiokoa, na sasa inataka pistoni, ringi na pengine silinda nzima. Ninampigia simu mwenyewe na kumweleza gharama kabla sijafungua zaidi. Ya tatu ilikuwa na kutu ya chumvi kwenye sumaku na miguu ya koili. Nimeisugua na kurudisha mwanya wa milimita 0.3 kati yake na koili.

Saa kumi na moja na nusu kijana wa Nyali amerudi. Mashine imepoa tangu mchana. Ninamwachia aivute mwenyewe: anabonyeza kitufe mpaka mafuta yajae, anafunga choki, anavuta mara mbili, inakohoa, anafungua choki. Mvuto wa tatu inawaka na kutulia. Anaizima, anaiweka begani, anamwonyesha mwanagenzi kiganja chake chenye malengelenge, na kuelekea stendi ya matatu.