Siku moja kiwandani Mufindi: kutoa toleo jipya na kuliondoa la zamani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu huwa bado umetanda juu ya mashamba ya chai, nami huwa nimeshafika getini. Kazi yangu kiwandani ni kutunza viwango, yaani kuhakikisha kwamba kila anayenyausha, anayekausha na anayeonja chai anafuata toleo la utaratibu linalotumika sasa. Siku ninayoisimulia tulitoa toleo la nne la utaratibu wetu wa kuandaa chai ya kuonja na kuliondoa la tatu.

Saa mbili nilifungua rejista, kisha orodha ya viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, kwenye kompyuta. Humo kila kiwango kina namba ya hatua kilipofikia: 60.60 ni kilichochapishwa, 90.20 ni kinachopitiwa upya, jambo linalofanyika angalau kila baada ya miaka 5, na 95.99 ni kilichoondolewa. ISO 3103 ya mwaka 1980, inayoeleza namna ya kuandaa chai ya kuonja, imeshafika 95.99, kwa kuwa toleo la 2019 lilichukua nafasi yake. Hata hivyo, ukaguzi wa ndani ulikuta utaratibu wetu bado unataja mwaka 1980. Wapo waliosema kwamba ni tarakimu nne tu. Sikubaliani nao, kwa sababu mnunuzi akiona tunataja kiwango kilichokwisha kuondolewa, ana haki ya kujiuliza ni mangapi mengine tumeyaacha bila kuyafuatilia.

Saa nne meneja wa ubora alitia saini, na toleo jipya likawa limetoka. Sehemu hiyo haikuchukua hata nusu saa.

Kuliondoa la zamani ndiko kulikonichukua siku nzima. Rejista ilionyesha nakala 5, nikazikusanya zote kabla ya saa sita. Lakini karatasi iliyozoeleka huzaa, na nakala isiyo kwenye rejista ndiyo inayoninyima usingizi. Saa saba nilipita chumba cha kuchambulia chai, nikamsalimu mama anayefanya kazi humo.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, mwanangu. Umeifuata karatasi yangu?"

Akaitoa kwenye droo: nakala kivuli ya toleo la tatu, kona zimelegea, katikati pana duara la kikombe. Pembeni mwa maneno yanayosema gramu 2 za chai kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6, alikuwa ameandika kwa penseli: "Huku maji huchemka kabla hayajapata moto wa pwani. Usilinganishe rangi na ya Mombasa." Nilisimama nikaisoma mara mbili. Katika mwinuko wetu maji huchemka kwenye takribani nyuzi 94, ilhali Mombasa, kwenye mnada wa chai, huchemka kwenye nyuzi 100. Katika matoleo yetu yote manne hakuna aliyeliandika jambo hilo. Nililinakili neno kwa neno kwenye fomu ya mapendekezo, nikaandika na jina lake, ndipo nikaichukua karatasi.

Saa tisa nilipiga mhuri mwekundu wa IMEONDOLEWA. Nakala moja niliifungia kabatini, kwa sababu lalamiko likija kuhusu chai ya mwaka jana, tutaipima kwa utaratibu uliokuwa ukitumika mwaka jana; zilizobaki nilizichana. Kutoa na kuondoa ni kazi moja yenye pande mbili. Hata sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inaziagiza nchi wanachama, ndani ya miezi 6 tangu kiwango cha Afrika Mashariki kitangazwe, kukipokea na papo hapo kuondoa cha taifa chenye upeo na lengo lilelile. Kiwanda kinachotoa bila kuondoa hubaki na taratibu mbili, na kila zamu huchagua yake.

Saa kumi na moja, kabla ya king'ora, nilirudi chumba cha kuchambulia na nakala namba 6, ambayo haikuwa kwenye mpango wa asubuhi. Mama aliikagua mbele na nyuma, akatia saini kwenye rejista, kisha akaniomba nimwachie na fomu mbili za mapendekezo.